MREJESHO: Kalkulasi ya mwaka wa kwanza kwa mtu wa HGE

Wakuu, niliwauliza kama mtu wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi kidato cha tano na sita) aliyeishia BAM, yaani hesabu za msingi tu za ngazi hiyo, ataiweza kalkulasi chuoni. Inawezekana, ila kinachotesa ni aljebra! Kutafuta kasi ya badiliko la x², yaani kutoka x² kupata 2x, ni mstari mmoja tu. Kasheshe ni kama kutafuta (x² − 9)/(x − 3) inaelekea namba gani, x ikikaribia 3. Ukiweka 3 moja kwa moja unapata 0/0. Usipojua kuandika juu (x − 3)(x + 3) kisha ukate (x − 3) ya juu na ya chini ibaki x + 3, jibu 6 huioni.

Aliyesema nifunike majibu nikokotoe upya kwenye karatasi tupu, ubarikiwe mkuu. Kukariri pastipepa (samahani mlioshauri) hakukunisaidia. Jioni tunakokotoa kikundi pale Ubungo, tukisubiri foleni ya mwendokasi ipungue. Jaribio la kwanza nimepita, la pili wiki ijayo.