Kamera ya utumbo bila kulazwa: je, ni salama?

Binti wa Donholm: Hamjambo. Baba yangu, mwenye miaka 62, ameandikiwa uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera katika kituo cha Upper Hill, Nairobi, ambako mgonjwa huingia asubuhi na kurudi nyumbani jioni. Je, ni salama asipolazwa?

Muuguzi: Kwa wengi ni salama, dada, na vinyama vidogo vinavyoota ndani ya utumbo (polipu) hukatwa papo hapo, ila mwenye ugonjwa mkali wa moyo au mapafu afadhali apelekwe hospitali kubwa. Nakusihi msipuuze dawa ya kusafisha tumbo, ambayo kwa kawaida nusu hunywewa usiku na nusu alfajiri, hadi choo kiwe majimaji ya manjano yasiyo na chembe, maana utumbo mchafu huficha vinyama.

Mkaazi wa Ruaka: Huduma hii itazidi kuenea. Mwaka 2021 jopo la wataalamu wa kinga ya magonjwa nchini Marekani lilishusha umri wa kuanza uchunguzi wa saratani ya utumbo mpana kutoka miaka 50 hadi 45, na sasa akili unde (AI) humwonyesha daktari vinyama kwenye skrini. Hata hivyo, kwangu swali la kwanza ni nani atakayesimamia dawa ya usingizi.

Binti wa Donholm: Asanteni sana. Anaweza kurudi kwa matatu?

Muuguzi: Asirudi peke yake, wala asiendeshe gari hadi kesho yake.