Likoni mpaka Kinango kwa baiskeli, kupitia Kwale

Jamani wadau, Jumamosi nataka kutoka Likoni, Mombasa, nipite Kombani nipande Kwale halafu niteremke mpaka Kinango. Baiskeli yangu ya gia, mizigo kama kilo 10 nyuma. Kile kilima cha Kwale kinapandika?

— Kinapandika kaka, ila ondoka Likoni alfajiri kabla jua halijawaka. Kwale iko juu karibu mita 400 na wewe waanzia baharini kabisa, kwa hivyo weka gia nyepesi mapema usingoje miguu ishike. Mimi hupiga mahamri na mbaazi Kombani kwanza, bila hivyo sifiki.

— Mie yaliyonikuta ni kule kuteremka, nilibana breki ya nyuma mfululizo mpaka rimu ikachoma kidole, raba za breki zikaisha zikabaki chuma. Bana uachie, bana uachie. Na Kinango jua kali sana, maji lita 3 usipunguze, usitegemee mto maana huko mvua ikikosa wabaki mchanga mtupu.

— Asanteni sana, raba mpya nanunua leo leo.