Vizazi vya wavuti vinatofautishwa kwa kitu gani?

Mwalimu wa Mikindani
Habari zenu, ndugu zangu. Ninafundisha kompyuta kidato cha tatu, na juzi mwanafunzi aliniuliza kama simu ya baba yake, ambayo ni ya 3G, ndiyo inayotumia wavuti ya kizazi cha tatu. Jibu nililompa halikuniridhisha mwenyewe. Naomba msaada.

Fundi wa Masasi
Mwalimu, kijana huyo amechanganya vitu viwili, na wakubwa wengi huvichanganya vilevile. 3G ni kizazi cha mawasiliano ya simu, kinachohusu minara na vifaa, ilhali wavuti ni huduma inayopita ndani ya intaneti. Tim Berners-Lee aliipendekeza wavuti mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia kilichoko Uswisi, na mwaka 1993 CERN ikaruhusu kila mtu aitumie bila malipo, uamuzi ambao kwangu una uzito sawa na uvumbuzi wenyewe. Kurasa nyingi za wakati ule, yaani za kizazi cha kwanza, zilifanana na tangazo la bei ya korosho lililobandikwa mlangoni mwa ghala: mkulima husoma akaondoka, hana pa kuandika neno lake. Kizazi cha pili, ambacho jina lake lilienea kuanzia mwaka 2004, kilimpa msomaji kalamu. Ndicho cha Wikipedia, Facebook na YouTube. Hata hivyo, daftari tunaloandikia lilibaki mikononi mwa kampuni chache.

Mama Nachingwea
Fundi ameeleza vyema. Niongeze kwamba kizazi cha tatu kina maana mbili, na hapo ndipo vitabu hupotosha. Berners-Lee alikusudia wavuti ambayo kompyuta zenyewe zinatambua maana ya taarifa. Gavin Wood, mtaalamu wa kompyuta kutoka Uingereza, mwaka 2014 alikusudia wavuti isiyo na mmiliki mmoja, inayotegemea blokucheni, yaani daftari la kumbukumbu ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Mwalimu, wachukulie wanafunzi mfano wa chama cha msingi ambacho kila mwanachama ana nakala ya daftari la mizani, na kila kilo inayopimwa huandikwa katika nakala zote, hivyo karani hawezi kubadili hesabu peke yake pasipo wenzake kumwona. Tafadhali usiwaambie kwamba tumekwisha kuhamia huko, kwa maana sehemu kubwa ya matumizi yetu ingali ya kizazi cha pili. Tena vizazi vyote hupita katika nyaya zilezile: Mei 2024, EASSy na SEACOM, nyaya za baharini zinazotuletea intaneti, zilipokatika, hakuna kizazi kilichosalimika.

Mwalimu wa Mikindani
Ahsanteni sana. Kesho nitaanza na daftari la mizani, kwa sababu wengi wao ni watoto wa wakulima wa korosho.