Nichague mahakama ya mfano au fildi ya msaada wa kisheria Chake? Naomba ushauri

Binti Kojani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mie nasoma sheria mwaka wa tatu huku Unguja, kwetu ni Pemba. Nna jambo limeninyima usingizi wiki nzima. Walimu nimeshawauliza, kila mmoja anavutia upande wake.

Siku moja yaliingia matangazo mawili kwenye grupu la darasa. La kwanza ni la timu ya kujiandaa na shindano la Afrika la mahakama ya mfano ya haki za binadamu, wanafunzi wanatetea kesi ya kutungwa mbele ya majaji, lile linaloandaliwa na Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria tangu 1992. Timu ni watu wawili tu, na mwalimu kaniita mimi na kijana mmoja wa darasa letu. Anataka likizo nzima tubaki Unguja tuandike hoja za pande zote mbili, mlalamikaji na mlalamikiwa, kisha tufanye mazoezi ya kusimama mbele ya majaji. La pili ni nafasi ya kujitolea wiki nane kwenye ofisi moja ya msaada wa kisheria Chake Chake, kwetu Pemba. Tarehe zinagongana.

Moyo wangu uko Chake, na sababu yake ni hii. Bibi yangu alipofariki aliacha karatasi moja, ukurasa uliochanwa kwenye daftari la skuli. Imeandikwa kwa kalamu ya wino, chini pana alama ya dole gumba ya rangi ya zambarau. Inasema "mikarafuu kumi na nne, mpaka wa kusini mwembe, mpaka wa kaskazini njia ya kwendea kisimani". Mwembe umeshaanguka na njia imehama. Mama na wajomba wanavutana miaka sita sasa, na kila msimu wa karafuu ukifika hawasemezani. Mie ndiye wa mwanzo kwetu kusoma sheria, wote wananitizama mimi.

Lakini mwalimu anasema nafasi ya shindano haiji mara mbili. Na nakiri kwamba Kiingereza changu cha kusimama na kujibu papo kwa papo bado kizito, shindano lingenifunza. Kubaki Unguja ni kodi ya chumba na chakula, na baba anategemea karafuu anazoliuzia shirika la Serikali, ZSTC. Bumu, yaani pesa ya mkopo wa masomo, haliingii likizo.

Nna hofu nyengine pia. Mwaka jana nafasi moja nzuri ilinipita kwa sababu tangazo lilibandikwa ubaoni siku niliyokuwa Pemba kwenye hitma. Niliporudi fomu zimeshafungwa, na kwenye ofisi iliyokuwa ikitoa fomu nikaambiwa "ulikuwa wapi?" Basi sasa kila tangazo nalikimbilia, hata kuchagua nashindwa.

Nifanyeje?

Kijana wa Jang'ombe

Shindano dada. Msaada wa kisheria upo kila mwaka.

Mama Hidaya wa Chake

Waalaykum salaam mwanangu. Mie si mwanasheria, nimekuwa msaidizi wa sheria huku Pemba kwa muda mrefu. Nnaomba nikwambie unachokwenda kukikuta, maana wanafunzi wengi wanakuja wakidhani watakaa kwenye kiyoyozi.

Siku ya kwanza utakaa kwenye benchi usikilize. Atakuja mama na mfuko wa plastiki, ndani mna karatasi kumi na hakuna hata moja inayohusu shida yake. Ukimuuliza shida nini atakusimulia tangu alipoolewa. Usimkatize. Katikati ya hadithi ndipo utasikia neno moja, "aliniacha na mimba" au "nyumba tulijenga pamoja", na hilo ndilo la kulishika. Hilo la nyumba si dogo. Sheria ya Mahakama ya Kadhi namba 9 ya 2017 imeipa Mahakama ya Kadhi uwezo wa kugawa mali waliyochuma wanandoa, na wanawake wengi wa huku hawalijui. Wanarudi kwa wazazi wao na begi la nguo tu.

Msaada wa kisheria Zanzibar una sheria yake tangu 2018, kwa hivyo usione ni kazi ya huruma tu. Utajifunza kuandika barua mtu akaielewa, na kumwambia mtu ukweli kuwa hana haki anayoidhania. Hili la pili ndilo zito, mie mpaka leo linanitoa jasho.

Kuhusu karatasi ya bibi, hiyo usiishike wewe. Mpe afisa mwengine. Wewe ni mtoto wa upande mmoja, na wajomba wakijua watasema umeinunua ofisi.

Mzee wa Vuga

Mama Hidaya amesema kweli. Naongeza mawili.

Mwanangu, kabla hujawaza mpaka wa mwembe, uliza kwanza shamba lilipatikanaje. Kama ni eka tatu walizopewa watu baada ya Mapinduzi, habari yake ni nyengine, kwa sababu ardhi ni ya Serikali na bibi alikuwa na haki ya kuitumia. Kama aliirithi au aliinunua mikarafuu tu, bila ya ardhi, habari ni nyengine tena. Pemba mti na ardhi yake vinaweza kuwa na wenyewe wawili. Mirathi utaipeleka kwa Kadhi, na mgogoro wa mpaka utaupeleka Mahakama ya Ardhi. Nimeona kesi zikizunguka miaka kwa sababu watu waliingia mlango usio wao.

La pili, mazoezi ya mahakama ya mfano nimeyakaa mara nyingi kama jaji wa kuigiza. Kijana anakuja amehifadhi hotuba. Nikimkatiza, "wakili, hoja yako ya pili inapingana na ya kwanza", anarudi mwanzo wa hotuba. Ameshindwa. Anayefaulu ni yule anayesema "nakubali swali lako mheshimiwa, na jibu langu ni hili", kisha anarudi palepale alipoachia. Na huyo ndiye atakayekuwa wakili wa kweli pale Mahakama Kuu Tunguu. Hii ndiyo faida ya shindano hata usipopata kombe.

Kijana wa Jang'ombe

Basi mzee umenisaidia, hiyo ndiyo sababu yangu mie sikuieleza. Samahani dada, nilijibu kwa haraka.

Niko Sinza

Mdogo wangu, mie nimemaliza huku Bara, kwenye mafunzo ya uwakili ya mwaka mmoja ya Law School. Nasema jambo ambalo walimu wako hawakulisema.

Mwaka 2022 matokeo yalipotoka, kati ya wanafunzi 633 waliopita moja kwa moja ni 26. 342 wakapewa sapu, yaani kurudia mitihani, na 265 wakadisko, wakaondolewa masomoni. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati ule, Ndumbaro, akaunda kamati, Dkt. Mwakyembe akaiongoza. Watu walibishana sana nani alaumiwe. Nilivyojionea mwenyewe, wengi tulifika tunajua vifungu lakini hatujawahi kuandika hati ya madai kwa mteja aliye hai. Waliokuwa wamekaa kwenye ofisi za msaada wa kisheria waliandika bila kutetemeka. Kwa hilo peke yake ningekwenda Chake.

Jengine, orodha ya mawakili ya Zanzibar ni mbali na ya Bara. Kabla ya kulipa nauli ya kuja huku baada ya digrii, uliza Chama cha Mawakili Zanzibar na Mahakama Kuu masharti yao ya sasa. Usisikilize ya barazani, hata haya yangu kahakikishe.

Na ukija kuomba Chevening baadaye, ule ufadhili wa masomo wa Uingereza, wanataka saa 2,800 za kazi; uliza kama za kujitolea ukiwa bado mwanafunzi wanazihesabu. Omba barua yenye tarehe na saa siku unayomaliza. Usingoje mwaka upite, msimamizi atakuwa ameshahama.

Mwana wa Konde

Kwani lazima iwe moja? Hoja za maandishi hazihitaji uwe Unguja. Mnaandika hata mkiwa mbali, mnatumiana. Kinachohitaji mkae pamoja ni mazoezi ya kusimama. Muombe mwalimu, na iombe ofisi ya Chake ikupunguzie wiki. Wakikataa wote wawili ndio uchague.

Na hilo la matangazo, tufanye kama tulivyofanya darasani kwetu. Kila Ijumaa mtu mmoja kwa zamu anapita kwenye mbao zote, anapiga picha na kuweka kwenye grupu, na tarehe ya mwisho anaiandika juu. Wa Pemba na wa Unguja tunaona siku moja. Si haki tangazo limfikie aliyekaa karibu na ubao tu.

Mama Hidaya wa Chake

Mwana wa Konde Mungu akuzidishie. Hilo la picha nitawaambia na vijana wetu huku.

Binti Kojani

Nimesoma yote, na mengine nimemsomea mama kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema bibi hakupewa eka. Aliununua mkarafuu mmoja mmoja kwa pesa za kusuka ukili. Hilo sikulijua mpaka leo.

Mwalimu nimempigia jana baada ya Alasiri. Amekubali tuandike hoja kwa kutumiana, ila wiki tatu za mwisho wa likizo niwe Unguja, na kila Jumapili nimsomee ukurasa mmoja wa Kiingereza kwa simu bila ya kutizama karatasi. Mwenzangu wa timu amesema atakuwa ananikatiza kama jaji. Ofisi ya Chake imekubali wiki tano badala ya nane, inataka barua ya chuo tu. Za chumba nitalipa za wiki tatu badala ya likizo nzima, na baba amesema hizo anaziweza.

Karatasi ya bibi nimeshaitia ndani ya plastiki, niende nayo siku ya mwanzo nimkabidhi afisa.

Mzee wa Vuga

Usiende nayo ya asili. Piga kopi mbili kwanza, moja mpe mjomba mkubwa kwa mkono wako kabla hujafika ofisini.

Binti Kojani

Nimekufahamu mzee. Nitaanzia kwa mjomba.