Naomba ushauri: zulia la sebuleni linamsumbua mtoto kifua

Habari zenu ndugu zangu. Nina zulia la manyoya marefu, limetandikwa ukuta hadi ukuta na kubanwa kingoni, kwa hiyo siwezi kulitoa nje kulianika juani. Mwanangu wa miaka 4 ana pumu, na kila akicheza hapo chini, usiku wake ni kukohoa na kupiga chafya tu.

Mwanzo nilikuwa nafagia kwa ufagio mgumu. Asubuhi moja jua lilipenya dirishani nikaona vumbi linaelea mpaka usawa wa uso wangu, nikaacha siku hiyo hiyo. Nikanunua mashine ya kufyonza vumbi, ila hewa inayotoka nyuma yake nayo inanuka vumbi. Nimeshauriwa nitafute yenye kichujio cha HEPA, yaani kile kinachonasa hata vumbi laini sana lisirudi hewani.

Kosa kubwa nimelifanya mwezi uliopita: nililiosha kwa maji mengi, likakaa na unyevu siku 3. Sasa najua linatakiwa likauke ndani ya saa 24 hadi 48, la sivyo kuvu huanza kuota. Kona moja bado ina uvundo, na nikiifunua naona madoa meusi kwenye sponji ya chini.

Je, hiyo sponji inaokoleka au nikate kipande chote? Na mliong'oa zulia mkabaki na sakafu tupu, watoto wenu walipata nafuu kweli? Roho inaniuma nikisikia kifua kinavyomlia filimbi usiku.