Ngosha Kafa Saa Tisa Usiku

Kikundi: WAJUKUU WA BUGARIKA 🪨

*Ijumaa*

Doto 03:22
Ngosha kafa 😭😭

Doto 03:22
Kanibeba miezi minne yote. Kapigwa risasi tukiwa mbioni, kaanguka palepale. Nimepiga magoti nikamshika shingo nikamwambia asante

Doto 03:25
Sina usingizi. Sijui kesho naamkia nini

Shangazi Milembe 05:02
Mungu wangu!! Ngosha? Mdogo wangu?

Shangazi Milembe 05:02
Risasi za nani? Ni huko machimboni?

Shangazi Milembe 05:04
Doto pokea simu

Shangazi Milembe 05:11
Nampigia Ngosha hapatikani. Nimemwambia kaka Masanja, yuko Magu anatafuta gari. Ee Mungu

Da Kabula 05:30
Poleni ndugu zangu. Tupange mapema.
1. Kila mjukuu 20,000, tuma kwangu, jina litakuja Kabula.
2. Turubai na viti nina mtu Mabatini, hachelewi.
3. Hiace moja kwenda Geita. Tukipita daraja la Kigongo saa nne tunawahi.
Thibitisheni.

Maduhu 05:44
😭😭 Nimetuma 10. Nyingine mwisho wa mwezi

Da Kabula 05:45
Imeingia. Wengine?

Da Kabula 06:02
Wengine???

Kulwa 06:09
Subirini kwanza

Kulwa 06:09
Ngosha ni farasi

Kulwa 06:10
Farasi wa kwenye gemu, Red Dead. Doto ndiye aliyempa hilo jina

Kulwa 06:11
Doto UMEMALIZA PEKE YAKO???

Shangazi Milembe 06:13
Farasi.

Shangazi Milembe 06:14
Nimeamsha nyumba tatu. Mama Lucy wa jirani kaja na khanga kiunoni, anasonga uji wa wafiwa jikoni kwangu. Kwa farasi.

Baba Mdogo Ngosha 06:40
Wanangu habari za asubuhi. Simu ilikuwa kwenye chaji kwa Mpemba. Nimekuta simu 31 hazijapokelewa. Nani kafa?

Maduhu 06:41
Wewe

Baba Mdogo Ngosha 06:41
Mimi nakunywa chai

Maduhu 06:42
Shikamoo marehemu 🙏

Baba Mdogo Ngosha 06:43
Marahaba. Mmechanga bei gani?

Maduhu 06:43
Hadi sasa elfu kumi, yangu

Baba Mdogo Ngosha 06:45
Elfu kumi. Nimeona thamani yangu

Maduhu 06:46
Da Kabula naomba irudi basi

Da Kabula 06:47
Hela ikishaingia imeingia. Naihamishia kwenye simtanki.

Kulwa 06:48
Ya simtanki tusiianzishe asubuhi hii

Da Kabula 06:50
Naianzisha. Mchango ulikuwa wa simtanki la Bibi. Ulivyogeuka kuwa PS ya kuchezea gemu kila mtu hapa anajua, na nani alisema "tunaazima tu" anajijua. Neema mpaka leo anapandisha madumu sita kwenye yale mawe kila maji yakitoka. Bodaboda zenyewe zinaishia chini.

Kulwa 06:51
Tulikubaliana wote

Da Kabula 06:51
Mimi nilikuwa leba Kulwa

Baba Mkubwa Masanja 07:05
Nimelipia gari. Tumeshapita Kisesa. Sishuki. Nikifika kwa mama nikute hicho chombo kimo ndani ya boksi.

Kulwa 07:06
Shikamoo Baba Mkubwa

Doto 07:06
Shikamoo Baba Mkubwa

*Jumanne*

Da Kabula 08:00
Habari za asubuhi wanaukoo. Jumamosi saa nane mchana, kwa Bibi, bila kukosa. Ajenda ni moja. PS inauzwa, simtanki la lita 1000 linanunuliwa, tukichangia kidogo juu. Mteja yupo Kirumba, anaitaka pamoja na gemu, diski zote mbili. Kimya nitakihesabu ni ndiyo.

Da Kabula 10:37
Watu 14 mmesoma, naona.

Da Kabula 13:15
?

Kulwa 16:58
Mimi na Doto tumepatana. Baba Mkubwa alikubali tumalizie sehemu ya John, ile ya baada ya Arthur kufa, kabla ya boksi. Tumemaliza leo saa tisa alasiri

Da Kabula 16:59
Hongera. Jumamosi unakuja?

Kulwa 17:08
Sijui nisemeje. Unajua siku ya pili baada ya msiba, maturubai yameshushwa, watu wamerudi makwao, pale jikoni yamebaki mafiga na majivu? Ndivyo nilivyo. Nimempeleka John mpaka Horseshoe, ile kambi yao ya kwanza kabisa baada ya kutoka kwenye theluji. Hakuna mtu. Hosea alikuwa anakaa pale, Lenny pale, Pearson na sufuria lake. Zamani ukipita tu mtu anakusalimia, mwingine anakuomba umletee kitu. Sasa majani tu. Nimesimama na farasi labda dakika kumi, sina ninachosubiri, halafu nikaondoka

Doto 17:12
Mi nimefurahi limeisha, na nimechukia limeisha. Halafu ile sehemu ya John!! Natoka kupambana na wapelelezi wa Pinkerton wote wale, naambiwa haya sasa kamua ng'ombe. Zoa samadi. Pigilia misumari

Maduhu 17:13
Umezoa samadi ya kwenye TV na banda la kuku la Bibi hujaingia tangu Pasaka

Doto 17:14
Maduhu nitakublok

Kulwa 17:19
Mi hiyo sehemu nilianza kwa kuichukia, nikaja kuielewa. Arthur kafa 1899, hii ni 1907. John amevaa kofia yake, anatembea na kile kidaftari chake. Fungua kidaftari uone: Arthur alikuwa anachora mpaka unaona manyoya ya ndege, halafu John anaendeleza palepale, michoro kama ya mtoto wa chekechea. Hapo ndipo nilipoumia. Si pale alipokufa

Maduhu 17:21
Mi kilichoniumiza ni John haogelei. Umeme ulirudi nikachukua pedi ya gemu, nikamwingiza ziwani, hatua chache kafa. Hana hata aibu. Mtoto wa Kirumba wa miaka minne anamcheka

Baba Mdogo Ngosha 17:26
Mimi niliangalia siku ile ya samaki nilipokuja. Yule mzee aliyeagiza samaki wake 13, halafu kambare akamburuta majini na fimbo yake. Huo ndio ukweli pekee kwenye hilo gemu. Kambare hana dini

Maduhu 17:27
😂😂😂 Ila sangara hamna

Baba Mdogo Ngosha 17:27
Hamna. Wala sato. Ziwa gani hilo

Da Kabula 17:30
Naomba turudi kwenye ajenda.

Kulwa 17:31
Nyumba yenyewe tuliijenga tukiwa na mzee Uncle, ana masihara kama Baba Mdogo. John kakopa benki, kanunua shamba, kapaua

Da Kabula 17:33
Ona sasa. Mhuni wa 1907 anayewindwa na serikali kaaminiwa na benki, nyumba imesimama. Wajukuu kumi na sita wa mzee Mabula, wengine na digrii zetu, simtanki limetushinda. JUMAMOSI SAA NANE.

Maduhu 17:34
John hakuwa na mhasibu

Da Kabula 17:34
Maduhu.

Baba Mdogo Ngosha 17:41
Ila huyo Arthur kufa kwa kifua sikuelewa. Kifua kikuu si kinatibika? Sisi huku tunapimwa

Neema 17:52
Baba Mdogo shikamoo. Gemu ni la 1899. Streptomycin, dawa ya kwanza ya TB, imepatikana 1943. Sasa hivi dozi ni miezi sita na ni bure, tena ukianza mapema unapona vizuri tu. Enzi zake daktari alichoweza kumwambia ni atafute hewa kavu akapumzike

Neema 17:53
Na alikipata kwa yule mdaiwa aliyekwenda kumpiga, yule Downes aliyemkoholea usoni. Chapta ya pili kabisa. Mnacheka mnampiga, mimi naona damu ile nasema haya

Doto 17:54
Si ungetuambia!!

Neema 17:54
Niliwaambia. Mkasema niache unesi wangu kazini

Neema 19:20
Halafu Bibi anauliza yule wa kofia, yaani Arthur, alipona?

Neema 19:21
Nimemwambia sijui. Jumapili alioga mapema, akajifunga kitenge kipya, akakaa kwenye mkeka wake anasubiri. Ndiyo yalikuwa makubaliano, mwisho uchezwe yeye akiona. Mkaja mnakunja nyaya na boksi mkononi

Doto 19:29
Sikukusudia jamani. Naapa. Nilijua ni misheni fupi, nikasema nijiandae tu, kisha ikaanza ile safari ya farasi ya mwisho, muziki, sauti za watu wote wa nyuma wanaongea kichwani kwake. Ile huwezi kuzima. Nilitaka, mkono ukakataa

Doto 19:30
Mwambie Bibi alikwenda vizuri. Alikaa kwenye mwamba akaliona jua linachomoza

Neema 19:38
Nimemwambia. Kasema alijua tangu alipoanguka barabarani kule mjini. Anataka niandike, nisipunguze. Haya ni maneno yake:

Neema 19:44
"Babu yenu alikohoa hivyohivyo mwaka 1974. Alikuwa kuli bandarini, anabeba marobota ya pamba. Tukasema ni vumbi la pamba. Nikampikia uji wa ulezi miezi mitano nikililaumu vumbi. Dawa zilikuwepo, hatukwenda. Masanja alikuwa bado mdogo, Ngosha alikuwa tumboni. Yule wa kofia nilimpenda kwa sababu alikuwa anakohoa na bado anafanya kazi. Sasa naulizia yule mwanamume aliyepigwa kwa ajili ya deni. Mke wake alipewa chochote?"

Shangazi Milembe 19:58
🙏

Kulwa 20:15
Hatukuifanya ile

Kulwa 20:17
Ipo. Iko chapta ya sita. Unamkuta mjane na mtoto wake Annesburg, mji wa machimbo, mtoto anafanya kazi mgodini, mama ndo hivyo. Arthur anajikongoja mwenyewe anawapa hela waondoke. Ni ya hiari. Tuliiona kwenye ramani tukaipita, tulikuwa tunawahi kumshika Micah, yule msaliti

Neema 20:24
Nimemsomea. Kanyamaza kidogo. Kasema mkamlipe mjane kwanza. Yeye akiwa amekaa hapo. Chombo mtauza baadaye

Neema 20:24
Kazima taa

Da Kabula 20:26
Kwa heshima zote kwa Bibi, mteja anataka Jumamosi. Na simtanki ni lake yeye mwenyewe, si langu. Baba Mkubwa naomba neno lako.

Baba Mkubwa Masanja 20:40
Mama kasema.

Da Kabula 20:41
Baba Mkubwa shikamoo, lakini wewe mwenyewe Ijumaa ulisema kwenye boksi

Baba Mkubwa Masanja 20:41
Kitatoka kwenye boksi.

*Jumatano*

Da Kabula 07:15
Sawa. Ratiba mpya. Jumamosi saa nane mjane, saa kumi kikao cha simtanki. Mteja nimemwomba wiki moja, hajajibu. Kulwa, hiyo ya mjane inachukua muda gani?

Kulwa 09:50
Yenyewe haina muda. Tatizo ni sevu, pale gemu lilipohifadhiwa. Lazima turudi kabla ya kifo cha Arthur, na Doto kasevu juu ya zote

Doto 09:52
Si zote. Kuna ile ya Kulwa ya siku umeme unakatikakatika, alikuwa anasevu kila akila tonge

Kulwa 09:53
Kama ipo itakuwa ya chapta ya sita mwanzoni. Sijaangalia. Baba Mkubwa kafunga boksi na kamba ya katani, fundo lake silijui

Baba Mdogo Ngosha 10:20
Mimi Jumamosi nakuja kumwona huyo mjane. Nauli yangu itoke kwenye rambirambi zangu

Da Kabula 10:22
Hakuna rambirambi.
Jambo la mwisho. Mteja lazima apewe diski zote mbili, ya kusakinishia na ya kuchezea. Ya kuchezea imo kwenye mashine. Nyingine iko wapi?

Doto 10:25
Kwa Maduhu tangu Krismasi

Da Kabula 10:25
Maduhu?

Da Kabula 11:40
Maduhu naona unaandika.

Maduhu 11:58
Kuna anayejua meli ya Ukerewe Jumamosi inaondoka saa ngapi?

Da Kabula 11:58
MADUHU

Binamu Shija (Dar) 14:06
Poleni sana ndugu zangu, ndo nimewasha data sasa hivi. Nimeumia mno kwa Baba Mdogo, alikuwa mtu wa watu. Maziko ni lini? Nimetuma 20 kwa Da Kabula

Da Kabula 14:07
Imeingia Shija, asante.