Kumpiga kijembe, kumtetea au kunyamaza? Wimbo unatoka Idi pili

Mwana_Ngambo
Asalaam alaykum wapenzi wa muziki. Mwenzenu nimekwama, naomba ushauri. Mie muimbaji wa kikundi kidogo cha taarab hapa Unguja. Nina wimbo mmoja wenye maneno ya namna mbili. Mahadhi ni yale yale, beti na kibwagizo ndivyo vinavyobadilika. Maneno ya kwanza yanampiga kijembe msanii mwenzetu ambaye mji mzima sasa unamsema. Ya pili yanamtetea. Studio wanataka laki na nusu kwa wimbo mmoja, na zaidi ya hiyo sina. La tatu ni kuyaacha yote mawili nikanyamaza. Nataka utoke Idi pili. Mngekuwa nyie mngetoa upi?

Zenji_Biti
Kijembe, wala usijiulize mara mbili. Nashinda studio kutwa, najua kinachotafutwa. Wimbo wa mapenzi unachezwa ukumbini ukaishia hapo hapo. Wimbo wenye mtu ndani yake kesho asubuhi unaukuta kwenye daladala ya Bububu, na anayeuulizia sana ni yule asiyejua kaimbwa nani.

FundiKanuni
Waalaykum salaam mwanangu. Unataka tukate nguo na mvaaji hatumuoni. Huyo mwenzako kafanya nini? Umeona mwenyewe au umesimuliwa? Keshaomba radhi? Na nyie wawili mna lipi baina yenu?

Bi_Mkubwa_Wete
Na mie naongeza: umemtaja au umefumba? Nyimbo zetu zimeishi kwa fumbo. Ukifumba vizuri mwenye kujijua atajijua, na asiyehusika atauimba jikoni kwake bila kinyongo. Ukitaja jina umeshatoka kwenye taarab, umeingia ugomvi wa mferejini.

Mwana_Ngambo
Shikamooni wazee wangu. Jina sitaji, lakini ukifika ubeti wa pili umeshamjua. Kisa ni harusi ya Mfunguo Mosi, mwezi wa Shawwal. Nilikuwepo, nilikaa na waitikiaji. Upande wa bibi harusi walimtunza sana huyo msanii, noti zinaanguka, akaacha maneno ya wimbo akaanza kumsuta mama wa bwana harusi, kwa jina, habari za deni la dhahabu. Yule mama alikuwa kakaa safu ya mbele, chetezo cha udi kiko miguuni. Akainuka akatoka, chetezo akakisahau. Mtoto mdogo akamfuata nacho mpaka mlangoni, kinafuka moshi. Kuna mtu karekodi, na klipu sasa iko kila simu. Radhi hajaomba mpaka leo.

Zenji_Biti
Sasa hapo unamtetea kwa lipi? Mpige.

Mpenda_Zumari
Mpige kwa sababu gani? Kwamba kamuaibisha mtu mbele ya watu, na wewe umuaibishe yeye mbele ya watu? Suratul Hujurat aya ya 11 imetukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya, na haikusema isipokuwa kwa wasanii. Anyamaze.

Kijana_wa_Chake
Mie nazungumzia huko kumtetea, kwa sababu nilimtetea mtu na mpaka leo nalipia. Tulikuwa wawili tunaimba zenji flava, huu muziki wa vijana wa Zanzibar. Mwenzangu akaandamwa kwamba amekula arbuni za harusi tatu na hakutokea hata moja. Mie damu ikanichemka, maana huyu nimelala naye chumba kimoja Mwanakwerekwe, tumegawana mkate. Nikaenda redioni, sitaitaja, nikasema wote wanaomsema ni wazushi, wana husuda, na mwenye ushahidi aje kwangu mie. Nikatoa na wimbo wa kumsafisha.

Siku ya tatu alikuja mzee mmoja nyumbani kwetu, kanzu imepigwa pasi, karatasi kaikunja mara nne ndani ya kofia. Akaivua kofia, akaikunjua karatasi magotini kwake. Laki mbili na nusu, tarehe, sahihi ya mwenzangu. Sahihi yake naijua, ana mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho. Mzee hakugomba. Alisema tu: umesema mwenye ushahidi aje kwako, nimekuja. Nililipa kwa mafungu, miezi mitano. Baadaye wakaja na wale wengine. Mwenzangu alikuwa keshavuka bahari. Harusi zilizokuwa zikiniita zikaacha kuniita, na wimbo ule kila nikiusikia natamani ardhi ipasuke. Kosa langu ni moja, nilimtetea kabla sijamuuliza. Wewe umemuuliza?

Bi_Mkubwa_Wete
Pole mwanangu. Mungu atakulipa.

Mwana_Ngambo
Pole sana kaka. Sijamuuliza. Simu yake nnayo, sijapiga.

Asha_Sheria
Kabla hamjafika mbali, tazameni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Inatumika Bara na Zanzibar. Kutuma kitu mtandaoni kwa nia ya kumtisha mtu, kumsumbua au kumtia simanzi, faini yake haipungui shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Nia ndiyo inayopimwa, na hapa umeshaandika kwamba maneno ya kwanza yanampiga kijembe. Fumbo haliwezi kukuficha hapo.

Zenji_Biti
Kwa hesabu hiyo mipasho yote ingekuwa gerezani. Hii ni biashara iliyoletwa kutoka Bara miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano walipokuwa wakijibizana, na watu wakajaza kumbi. Hakuna aliyefungwa.

FundiKanuni
Hilo la kuletwa kutoka Bara silipitishi. Muimbaji Khadija Kopa mwenyewe alianzia kikundi cha Culture hapa hapa Unguja kabla ya kwenda TOT. Na kabla yake vikundi vya kinamama hapa mjini vilikuwa vikishindana kwa nyimbo na kwa sare. Rudi nyuma zaidi: Siti binti Saad alitoka Fumba na vyungu vya kuuza, akasimangwa kwa kaniki yake na kwa asili yake. Huyu ndiye aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Alijibu kwa wimbo, na katika jibu lake hamna tusi hata moja, kazungumzia akili. Hicho ndicho kipimo changu. Siku hizi mtu anabonyeza kinanda, anapewa noti tatu, anataja jina la mama wa watu.

Zenji_Biti
Kinanda kimekosa nini? Nyie wa ala za kanuni na fidla mnadhani muziki ulikufa pale kikundi cha Ikhwani Safaa walipozeeka.

FundiKanuni
Ikhwani Safaa wapo tangu 1905 na bado wanapiga. Njoo siku ya mazoezi usikilize, halafu tuzungumze.

Mpemba_Asili
Na Pemba msitusahau. Kamange na Sarahani walilumbana kwa mashairi zaidi ya miaka 100 iliyopita, mmoja mtu wa starehe, mwengine mtu wa dini, wakachomana kwelikweli, na urafiki haukufa. Wale walijibizana wao kwa wao. Hapa mwenzetu ameshaangushwa na mji mzima, ubeti wako utakuwa teke kwa aliyelala chini.

Mtu_wa_Makunduchi
Kwetu siku ya Mwaka Kogwa tunapigana kwa migomba uwanjani, mchana, kila mtu kashika wake, na jioni tunakula sahani moja. Mwenzako atashika mgomba gani? Harusi zimemkimbia, studio hana.

FundiKanuni
Binti, kuna jambo nimelirudia kulisoma. Umesema ulikaa na waitikiaji. Waitikiaji kazi yao kuitikia. Uliitikia?

Mwana_Ngambo
Nimekaa na swali hili tangu magharibi.

Niliitikia. Mara mbili. Mara ya kwanza sikuyasikia maneno, ngoma ilikuwa juu. Mara ya pili niliyasikia na mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nilimuona yule mama ameshainuka, na mie naitikia. Kwenye klipu naonekana mgongo tu, dera la kijani, nani atajua. Na jengine sikulisema: huyo ndiye aliyenifundisha kuimba. Alikuwa akiniwekea kiganja tumboni, ananambia pumzi itoke hapa, si kooni. Baada ya ile harusi viongozi wa kikundi walimuondoa, nafasi yake nimepewa mie.

Zenji_Biti
Ungesema mwanzo. Basi ushauri wa kijembe naufuta. Wakikujua ni wewe wa dera la kijani, utaimbwa wewe.

Mpenda_Zumari
Si kwa kuogopa kuimbwa tu, ndugu.

Bi_Mkubwa_Wete
Mwanangu, mie nilikuwa upande wa fumbo, sasa sijui. Yule mama mtu amewahi kuendewa? Na mtu yeyote kati yenu?

Mwana_Ngambo
Hapana. Anakaa Kikwajuni, si mbali na kwetu.

Kijana_wa_Chake
Mpigie mwalimu wako leo. Kabla ya studio.

Asha_Sheria
Na wa kumtetea nao usimtaje yule mama, hata kwa fumbo. Ana haki zake.

Mpemba_Asili
Samahani kwa kukatiza, FundiKanuni, kanuni yangu imekatika nyuzi nne za juu na hapa Chake sipati. Mjini bado zinapatikana?

FundiKanuni
Nnazo za akiba. Nitakupa za kwangu, nitampa mtu wa boti Jumaamosi. Niambie ni za safu ya ngapi.

Mwana_Ngambo
Nimepiga, imeita mpaka mwisho. Studio nimewaomba wanisubiri mpaka Alkhamisi. Kesho baada ya laasiri nakwenda Kikwajuni. Chetezo kama kile kinauzwa wapi Darajani?